Somo la Vikundi: Ziara ya Fort Jesus, Mombasa



Mara nyingi nikiwatembelea mnaniuliza, je, ni haki kikundi kutumia pesa zake kwenda kutembea? Swali hili si dogo. Shilingi ya kikundi imetoka kwa vyondo, kuku na maembe, na kila aliyeitoa anajua nyumbani kwake ilipungua nini. Kwa hivyo leo sitawapa jibu langu. Nitawaeleza habari za kikundi kimoja cha akina mama wa upande wa Mwala waliokwenda kuona Fort Jesus kule Mombasa, nami nikiwa pamoja nao. Jina la kikundi silitaji. Kulikuwa na matatizo ndani yake, na wenyewe waliniomba hivyo.

Matatizo yalikuwa haya. Akina mama hawa walianza kama mwethya wa kuchimba matuta ya fanya juu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Baadaye wakaanza kuchanga pesa za mzunguko kila Alhamisi, na mwisho wakaweka akiba ya kukopeshana. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku moja ilipojulikana kwamba mkopo mkubwa ulitolewa bila mkutano kujua, tena kwa jamaa ya mmoja wa viongozi. Daftari likaulizwa, halikuonekana. Likaulizwa tena, likaletwa lakini kurasa zingine zilikuwa zimelowa maji. Mama watatu wakaacha kuja. Waliobaki wakawa wanakaa pande mbili, benchi hili na benchi lile, na salamu zikawa za juu juu tu.

Nilipotoa shauri la ziara, mweka hazina alicheka. Akasema, "Twende Mombasa kuangalia mawe? Mawe tunayo hapa Iveti, tena hayana kiingilio." Watu wote wakacheka, benchi zote mbili, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi wanacheka kitu kimoja.

Niseme ukweli, sikuwa na mpango wa ajabu. Nilifikiri tu kwamba watu wakikaa ndani ya gari moja siku nzima watalazimika kuongea.

Matayarisho

Tulikubaliana kwamba akiba ya mikopo haitaguswa hata senti. Kila mama alichanga kidogo kidogo kando, kwa muda wa miezi kumi, na pesa zikaandikwa kwenye daftari jipya lililokuwa likisomwa kwa sauti kila Alhamisi. Wengine walisuka vyondo zaidi. Mama mmoja mzee, susu wa wengi pale kijijini, aliuza mbuzi wake na kusema hajawahi kuona bahari na hataki kufa kabla ya kuiona. Wale watatu walioacha kikundi tuliwapelekea habari pia. Mmoja alikubali, wawili walikataa.

Kuhusu gari, msifanye kama sisi. Tuliamini maneno ya mdomo. Mwenye gari alituhakikishia kwamba ni zima, tukalipa yote mbele, nalo likazima karibu na Mtito Andei, jua la saa saba. Tukakaa chini ya mti saa nne tukila muthokoi tuliobeba. Andikeni mkataba, hata kama ni wa ukurasa mmoja: nusu mbele, nusu mkifika. Siku hizi pia kuna gari la moshi la reli mpya, lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ambalo husimama Emali na Athi River, na kwa kikundi linaweza kuwa nafuu. Piganeni na hesabu kwanza.

Lakini hizo saa nne hazikupotea zote. Chini ya mti hakuna benchi.

Kufika langoni

Fort Jesus ni ngome iliyojengwa juu ya mwamba wa matumbawe, pale mji wa kale wa Mombasa unapotazama mlango wa bahari. Si kilima kirefu kama milima yetu ya Iveti au Mua, lakini ukisimama baharini ndani ya mashua unaiona imekaa juu yako kama mtu aliyekalia kiti. Merikebu yoyote iliyotaka kuingia bandari ya zamani ilipita mbele ya mizinga yake. Ndiyo sababu ikawekwa pale.

Upande wa nchi kavu kuna handaki lililochongwa ndani ya mwamba wenyewe. Kuta ni nene ajabu, na kila pembe ina buruji iliyojitokeza nje ili askari waweze kumwona na kumpiga adui anayejibanza chini ya ukuta. Akina mama walipima unene kwa mikono wakachoka. Wao wanajua mawe, wamejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu mikavu, na kwa muda mrefu walibaki hapo wakibishana jinsi mawe yalivyoshikanishwa kwa chokaa.

Kijana aliyetuongoza alitukaribisha kwa Kiswahili kitamu cha pwani, "Karibuni mama zangu, miguu iko pole?" Akaanza kueleza. Ngome ilianza kujengwa mwaka wa 1593, kwa amri ya Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Aliyechora ramani yake ni fundi Mwitaliano, jina lake Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala, kichwa, mikono na miguu. Mafundi wa mawe waliletwa kutoka India, na vibarua wakatoka Malindi, maana mfalme wa Malindi alikuwa rafiki ya Wareno na adui wa Mombasa.

Hapo susu akauliza swali ambalo lilinikamata mimi, siyo kijana. "Mbona jina la Yesu likawekwa juu ya mizinga?"

Kila mtu akanigeukia. Nilijibu nilivyoweza. Wareno walisafiri chini ya bendera yenye msalaba, na kwao mfalme, biashara na dini viliwekwa katika gunia moja. Merikebu ile ile ilibeba padri, bunduki na mizani ya kupimia pembe za ndovu. Susu alinitazama tu. Akasema, "Basi gunia lilichanganywa vibaya." Sikumpinga, na hata leo simpingi.

Theluthi moja ya ushuru

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyoleta maneno mengi tuliporudi.

Wareno walipomleta mfalme wa Malindi kutawala Mombasa, waliahidi kwamba theluthi moja ya ushuru wa bandari itakuwa yake. Ahadi ya pesa, kama ahadi zetu. Lakini makapteni waliokuja kukaa ngomeni walikuwa na tamaa zao, na ugomvi juu ya mapato na heshima ukaanza. Mwaka wa 1614 mfalme, Hassan bin Ahmad, aliona maisha yake yako hatarini akakimbilia bara, upande wa Rabai. Huko akauawa na watu waliolipwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa.

Alikuwa na mtoto mdogo, Yusuf. Wareno wakamchukua mtoto huyo Goa, wakamlea, wakambatiza jina la Jeronimo, wakamfundisha kazi ya baharini na silaha. Mwaka wa 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme. Fikirini: mtoto amelelewa na watu waliokata kichwa cha baba yake, kisha anarudishwa kukaa chini ya ukuta wao.

Kwa miaka mitano alinyamaza. Kapteni mpya akamdharau mbele ya watu, tena akaambiwa kwamba mfalme huenda usiku kuomba kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Tarehe 16 Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Mama Maria, Yusuf aliingia ngomeni pamoja na watu wake. Aliingia mlangoni kama rafiki, kwa miguu yake, bila mzinga hata mmoja. Akamchoma kapteni kisu na ngome ikawa yake. Baadaye Wakristo wengi wa mji, Wareno na Waafrika pia, waliuawa kwa kukataa kuiacha imani yao. Kanisa linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa.

Nimewaeleza yote mawili, kichwa cha baba na damu ya mashahidi, kwa sababu kuna wanaopenda kusimulia moja tu.

Wareno wakaja na merikebu kutoka Goa kuikomboa, wakapiga, wakashindwa kuta walizojenga wenyewe. Yusuf alipoona hawezi kukaa peke yake milele, aliondoka kwa merikebu mwaka wa 1632, nao wakarudi kwenye ngome tupu. Juu ya lango mpaka leo kuna jiwe la mwaka wa 1635 ambalo kapteni mmoja alichonga sifa zake mwenyewe. Sifa ni ndefu. Ile theluthi ya ushuru haitajwi.

"Kumbe kiliwaka kwa sababu ya daftari," mama mmoja akasema pole pole kwa Kikamba. Hakuna aliyemjibu.

Maji

Katikati ya ngome kuna kisima kirefu, na kuna birika la kuweka maji ya mvua. Kijana alituambia maji ya kisima yana chumvi, ya kuoga na kufua tu, kwa hivyo maji ya kunywa yalitegemea mvua. Nani anafahamu jambo hili kuliko sisi wa Masaku? Akina mama walizunguka birika lile wakauliza maswali mpaka kijana akatoa jasho. Maji yaliingia kutoka paa gani? Mfereji ulipita wapi? Nani alikuwa na ufunguo? Nilipenda hilo la ufunguo.

Miezi 33

Mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Omani walikuja na merikebu na kuizingira ngome. Ndani mlikuwa na Wareno wachache, kati ya 50 na 70, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Walikaa humo miezi 33. Hesabuni: karibu miaka mitatu.

Mizinga haikubomoa ukuta. Kilichowaua watu ni njaa na magonjwa. Chakula kiliingia kwa shida, kikaoza, na watu wengi wamebanana mahali pamoja. Mwezi wa Desemba 1696 msaada ulifika kutoka Goa, wakapumua kidogo. Halafu tauni ikaingia. Kufikia katikati ya mwaka wa 1697 Wareno wote wa ngomeni walikuwa wamekufa.

Hapo kijana alinyamaza kidogo, akatuuliza, "Mnadhani ngome ilichukuliwa?" Tukasema ndiyo. Akasema hapana. Iliendelea kulindwa. Aliyeilinda ni Bwana Daud wa Faza, mtu wa visiwa vya Lamu, pamoja na watu 17 wa jamaa yake, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50.

Wanawake 50! Wanaume ukiwahesabu wote walikuwa kama nusu yao tu. Walisimama juu ya kuta hizo zamu za usiku na mchana, wakashika silaha, mpaka merikebu za Wareno zilipofika tena mwezi wa Septemba. Merikebu kubwa mojawapo, Santo António de Tanna, ilizama pale pale mbele ya ngome mwaka huo huo wa 1697. Wataalamu waliichimbua kutoka chini ya bahari kati ya 1977 na 1980, na vyombo vyake viko ndani ya makumbusho, tumeviona, mitungi na sahani na mabaki ya mizinga.

Akina mama waliuliza majina ya hao wanawake 50. Kijana akasema hayakuandikwa. Jina la Bwana Daud liko, majina ya makapteni yako, la yule aliyejichongea sifa langoni liko. Walikuwa nani? Wengi labda walikuwa watumwa au wajakazi, waliozaliwa bara au pwani, wasiokuwa na faida yoyote katika ugomvi wa Ureno na Omani. Mwenyekiti wetu, ambaye siyo mtu wa maneno mengi, alikwenda akaweka mkono juu ya ukuta akakaa hivyo kwa muda. Sikumuuliza anafikiri nini.

Mwisho ulikuja tarehe 13 Desemba 1698. Ndani walikuwa wamebaki kapteni, wanaume tisa na padri mmoja. Waomani walipanda kuta wakaingia. Siku chache baadaye merikebu za msaada zikatokea baharini, zikaona bendera nyingine juu ya ngome, zikageuza na kurudi. Wale wa bara tuliokwisha kungojea chakula cha msaada wakati wa kiangazi tunajua maana ya kuchelewa kwa siku chache.

Zilizofuata

Nitapita haraka hapa, maana ni historia ndefu. Mwaka wa 1728 askari wa ngome waligombana na wakubwa wao Waomani, Wareno wakapata nafasi ya kurudi. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa wakawachoka, wakawazingira mpaka wakaondoka, na safari hiyo ikawa ya mwisho. Ukoo wa Mazrui ukatawala kwa karibu miaka mia moja, nao wakagombana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka wa 1837 Seyyid Said akaichukua ngome. Wakuu wa Mazrui walikamatwa wakapelekwa mbali, Bandar Abbas, wasirudi. Mwaka wa 1875 akida mmoja aliasi dhidi ya Sultani wa Zanzibar, na manowari za Waingereza zikampiga kwa mizinga mpaka akasalimu amri. Wanasema tangu 1631 hadi 1875 ngome hii ilibadilisha mikono mara 9. Nilimwuliza kijana ni mara ngapi kati ya hizo ilikuwa mizinga peke yake iliyoamua. Alifikiri akataja hiyo moja ya mwisho.

Kuanzia 1895 Waingereza waliigeuza kuwa jela, na ikabaki jela mpaka 1958. Halafu ikatengenezwa kwa msaada wa pesa kutoka Ureno, kutoka mfuko wa Gulbenkian, na makumbusho yakafunguliwa mwaka wa 1960. Mwaka wa 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi adui yake ni mawimbi, yanayokula mwamba chini ya ukuta wa baharini, hata ikabidi kujengwe kinga ya mawe. Mama mmoja alipoiona akasema, "Hata wao wanapigana na mmomonyoko!"

Mwingine aliuliza, na sisi Wakamba tulikuwa wapi wakati wote huo? Swali zuri. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka mpaka pwani ikibeba pembe za ndovu, na wafanyabiashara kama Kivoi wa Kitui walijulikana Mombasa kabla reli haijaota ndotoni. Tena Machakos yetu ilikuwa na kituo cha Waingereza kabla Nairobi haijawa mji, na makao yao yalihamia Nairobi mwaka wa 1899. Na Muindi Mbingu, aliyewaongoza watu wetu mwaka wa 1938 kukataa kuuzwa kwa ng'ombe wao, alipelekwa kifungoni Lamu. Habari hizo hazimo ndani ya Fort Jesus. Zinangojea mtu wa kuziandika huku kwetu kabla wazee hawajaisha.

Mazungumzo chini ya mti

Mchana tulikaa nje kwenye kivuli tukala mkate na chai. Sikutaka kufundisha. Niliuliza swali moja tu: ngome hii iliangushwa na nini?

Mmoja akasema njaa. Mwingine akasema dharau. Mweka hazina, yule wa mawe ya Iveti, alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Yule kapteni alikuwa akiangalia bahari." Halafu, bila kuulizwa, akaeleza mbele ya wote habari za mkopo ule. Alisema aliutoa kwa sababu mtoto wa mwenzake alikuwa amelazwa hospitali na hakukuwa na wakati wa kuita mkutano. Alikosea kutouandika siku hiyo hiyo, halafu aibu ikamzuia, halafu kurasa zikalowa, hiyo ikiwa bahati mbaya kweli. Mama aliyekuwa ameacha kikundi akauliza kwa ukali, "Kwa nini hukusema hivyo mwaka jana?" Akajibu, "Mlikuwa mmeshaniita mwizi. Ningesema na nani?"

Hapo kelele zilikuwa nyingi. Wengine walilia. Mimi sikuingilia, ila niliwazuia wawili waliotaka kuondoka kwenda kuona soko.

Sidanganyi kwamba yote yaliisha pale. Mkopo umelipwa nusu. Kati ya wale watatu, mmoja amerudi, mwingine anafikiria, wa tatu hataki kusikia. Lakini sasa kila Alhamisi hesabu husomwa kabla ya maombi ya kufunga, daftari lina nakala ya pili inayokaa kwa mtu wa ukoo mwingine, na sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu. Mkopo wa dharura unaruhusiwa, lakini lazima watu wawili waweke sahihi siku ile ile. Na wameamua kwamba akiba ya mwaka huu itajenga tangi la maji ya mvua kwenye paa la shule ya chekechea. Bado wanabishana ufunguo wa bomba atakaa nao nani.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

Someni sehemu ya theluthi ya ushuru kwa sauti, halafu mjiulize: katika kikundi chetu, ni ahadi gani ya pesa iliyotolewa na haijatimizwa? Ni nani tuliyemdharau mbele ya watu? Tukipatwa na kiangazi cha misimu miwili, akiba yetu itatuchukua mpaka mwezi gani? Je, kazi za kikundi zinafanywa na nani, na majina ya nani yanaandikwa? Msiharakishe. Kikundi cha Mwala kilitumia mikutano mitatu kwa swali la kwanza tu.

Kwa wanaotaka kwenda

Pigeni simu au andikeni barua kwa ofisi ya makumbusho wiki kadhaa mbele, mseme mko wangapi na mna watoto wangapi. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje, na wanafunzi wana bei yao, kwa hivyo ulizeni bei za sasa msije mkaaibika mlangoni. Mwombeni mtu wa kuwaongoza anayeweza kuongea Kiswahili pole pole, na mkubaliane malipo yake kabla ya kuanza. Vaeni viatu vya chini, mawe ya buruji yanateleza. Bebeni maji na kofia, jua la Mombasa halina huruma. Waliosuka vyondo wasibebe vyote wakitumaini kuviuza pale langoni, kuna watu wenye biashara hiyo tayari. Ni afadhali kuzungumza kwanza na chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kule Changamwe, ambacho kimekuwa kikiuza kazi za mikono yetu kwa watalii kwa miaka mingi. Na msisahau vitambulisho. Sisi watu wawili walisahau, tukachelewa nusu saa nzima.